Boti ikikawia, tusingoje asubuhi: ni balizi gani inayofaa Ziwa Tanganyika?

Boti ikikawia kufika, hapa Kalemie tuna desturi moja: tunangoja. Jamaa wanashuka bandarini jioni, wanatazama upande wa Moba au upande wa Fizi, wanapiga simu, simu haipiti. Wanaambiana kwamba labda mota imesumbua, labda kapiteni amelala Tembwe kukimbia upepo. Usiku unaingia. Ni asubuhi ndipo mtu wa kwanza anatamka neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni tangu jana. Saa hiyo ndiyo sisi watu wa redio tunaitwa, na swali letu la kwanza, "Boti ilikuwa wapi?", halipati mwenye kulijibu.

Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya swali hilo moja. Siku hizi kuna vifaa vidogo, vinavyoshikwa kwa mkono mmoja, ambavyo vinaweza kulijibu kwa dakika chache, usiku kama mchana, hata mahali ambapo hakuna rezo ya simu. Kwa Kifaransa vinaitwa "balise de détresse". Sisi tuseme balizi ya dharura. Wenye boti kadhaa wameanza kuulizia bei yake, na wengine wanaletewa mitumba kutoka ng'ambo bila kujua wananunua nini. Maoni yangu ni haya: kila boti inayobeba abiria katika ziwa letu inapaswa kuwa na balizi, lakini ichaguliwe kwa kufuata hali ya ziwa letu na si kwa kufuata tangazo la duka la Ulaya. Tena Leta isidhani kwamba kazi yake inaisha siku mwenye boti anaponunua.

Ziwa hili si kisima

Tumezaliwa kando yake, kwa hiyo tunasahau ukubwa wake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, kuanzia Burundi hadi Zambia. Upana wake ni kilomita 50 kwa wastani, na kuna mahali linapita kilomita 70. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolishinda kwa kina. Boti ikipinduka katikati, kutoka hapo mtu haoni nchi kavu iliyo chini, anaona milima ya mbali tu, na usiku haoni hata hiyo milima.

Watu wa Kalemie hawahitaji kufundishwa maana yake. Desemba 2014 boti MV Mutambala ilizama katika ziwa hili, wakati jimbo letu lilikuwa bado sehemu ya Katanga. Serikali ilihesabu zaidi ya watu 120 waliokufa. Kuna familia mjini humu ambazo hadi leo hazina kaburi la kwenda kulia.

Lakini kuna jambo moja juu ya ziwa letu ambalo ni la heri, na hatulitumii. Maji yake ni ya moto kidogo. Juu, joto lake linakaa kati ya digrii 24 na 27 hivi mwaka mzima. Katika bahari ya kaskazini ya Ulaya mtu akianguka ndani ya maji wakati wa baridi, baridi inaweza kumuua ndani ya saa moja au mbili. Huku kwetu, mtu mwenye jile, au aliyeshika bidoni tupu, anaweza kuishi saa nyingi, hata usiku kucha. Atachoka, atatetemeka, lakini bado yuko hai alfajiri. Maana yake ni kwamba huku, wengi hawauawi na ajali yenyewe. Wanauawa na masaa yanayopita bila mtu kujua wako wapi. Kama kuna ziwa duniani ambalo balizi inaweza kuleta tofauti kubwa, ni hili letu.

Inavyofanya kazi

Mfumo wenyewe unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na nchi nne, Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti, wakati ambapo Marekani na Wasovieti walikuwa hawasikilizani karibu kwa jambo lolote. Mwaka wa 1982 watu wa kwanza waliokolewa kwa njia yake, baada ya ndege ndogo kuanguka Kanada. Tangu hapo umesaidia kuokoa zaidi ya watu 50,000 duniani.

Balizi ikiwashwa, inatuma ishara juu, kwa masafa ya megahezi 406. Satelaiti zinaipokea na kuirudisha chini kwenye vituo vya ardhini. Vituo vinasoma mambo mawili: namba ya balizi, na mahali ilipo. Kisha habari inatumwa kwa ofisi ya uokoaji ya eneo hilo, na kwa nchi ambayo balizi imeandikiwa. Hakuna kadi ya simu, hakuna unite za kununua, hakuna malipo ya mwezi. Ukishanunua kifaa, kusikilizwa ni bure.

Balizi isiyo na GPS ndani inaweza kupatikana kwa kukisia, pengine katika duara la kilomita tano hivi. Yenye GPS inataja mahali kwa kukosea mita mia moja au zaidi kidogo. Kwa wimbi la usiku, kati ya kilomita tano na mita mia kuna tofauti ya uhai. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usinunue isiyo na GPS, hata ukipewa kwa nusu bei.

Aina nne, na ipi ni yetu

Ya kwanza ni balizi ya chombo. Kwenye sanduku lake utaona herufi EPIRB. Hii inafungwa kwenye boti. Inaelea, ina taa inayometameta, inajiwasha yenyewe ikiguswa na maji baada ya kutoka katika kikalio chake, na betri yake inapaswa kutuma ishara kwa saa 48 angalau. Zipo namna mbili: moja ni ya kutolewa kwa mkono, nyingine ina kifungo kinachosukumwa na uzito wa maji. Chombo kikizama, kikifika kati ya mita moja na nusu na mita nne chini, kifungo kinakatika na balizi inapanda juu peke yake.

Ya pili ni balizi ya mtu, yenye herufi PLB. Ni ndogo, inaingia katika mfuko wa jile. Inatumia satelaiti zilezile, lakini inatuma kwa saa 24 angalau, na haijiwashi. Lazima mtu ainue antena, abonyeze, kisha aishike juu ya maji, maana ishara haipenyi maji. Nyingine zinaelea, nyingine hazielei. Usome kabla ya kununua.

Ya tatu ni ile ya AIS. Haiongei na satelaiti za uokoaji. Inaongea na vyombo vilivyo karibu, ndani ya kilomita chache, ambavyo vina skrini ya AIS. Huko Ulaya inasifiwa sana, na kwa haki, kwa sababu karibu kila chombo kinachopita kina skrini hiyo. Huku kwetu, mtumbwi wa ndakala una taa, una nyavu, una vijana wenye nguvu. Skrini ya AIS hauna. Ukinunua balizi ya AIS peke yake kwa safari ya Kalemie na Moba, umenunua mtu wa kupiga kelele katika kijiji cha viziwi.

Ya nne ni chombo cha ujumbe wa satelaiti, ambacho unaweza kuandikia maneno na kujibiwa. Kina kitufe cha dharura, lakini kinahitaji malipo ya kila mwezi au ya mwaka, na dharura yake inakwenda kwanza kwa kampuni ya binafsi. Faida yake ni kwamba kinasema zaidi ya neno moja. Balizi inajua neno moja tu: nisaidieni. Haiwezi kusema "mota imekufa, tuko salama, tuleteeni plagi". Na kila mtu wa bandari anajua kwamba mara nyingi boti inayokawia haijazama. Imeishiwa mafuta au mota imekataa.

Basi, nichague nini? Nitasema wazi ninavyofikiri.

Boti inayobeba abiria wengi, iwe ya mbao au ya chuma, iwe na EPIRB ya kujifungua yenyewe, yenye GPS. Sababu ni nyepesi. Boti iliyojaa ikipinduka, inapinduka kwa dakika chache. Kapiteni anaweza kuwa wa kwanza kurushwa majini, au kubanwa chini ya mizigo. Kifaa kinachongoja mkono wa mtu mmoja kinaweza kungoja milele.

Boti ndogo ya mizigo, au ya kukodi kwa safari za mashirika, au tanga la mtu anayetalii ziwani, inaweza kutosheka na PLB, kwa sharti moja: ivaliwe mwilini na kapiteni au msaidizi wake, ifungwe kwa kamba. PLB iliyowekwa ndani ya sanduku la vyombo itazama pamoja na sanduku hilo.

Na mwenye boti nyingi, anayetaka kujua kila jioni boti zake zimefika wapi, aongeze chombo cha ujumbe kama ana uwezo. Nimesema aongeze; kisichukue nafasi ya balizi, kwa sababu siku aliposahau kulipa ndiyo siku upepo utakapovuma.

Mahali pa kuifunga

Hapa ndipo ninawaomba mafundi wa boti wanisikilize. EPIRB ikifungwa ndani ya kibanda, au chini ya paa la turubai, boti ikipinduka itapanda na kugonga turubai, ikae hapo chini ya maji, na ishara haitatoka. Ifungwe nje, upande wa nyuma au juu kabisa ya kibanda, mahali ambapo hakuna kamba, wavu wala gunia la mihogo juu yake.

Kuna jambo jingine. Boti zetu za mbao mara nyingi zinapinduka bila kuzama. Zinabaki zinaelea tumbo juu. Hapo kifungo cha maji kinaweza kisifikie kina chake, na balizi isiachiwe. Kwa hiyo wafanyakazi wote wa boti, si kapiteni peke yake, wajue jinsi ya kuitoa kwa mkono. Iwe kazi ya dakika tano kabla ya safari: hii iko hapa, inavutwa hivi, inawashwa hivi.

Mitego ya sokoni

Mtego wa kwanza ni balizi za zamani. Kabla, balizi nyingi zilitumia megahezi 121.5 peke yake. Satelaiti ziliacha kuzisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Mtu anaweza kukuuzia moja yenye rangi nzuri ya njano na taa inayowaka vizuri, na hakuna atakayekusikia huko juu. Balizi za leo bado zina hiyo 121.5, lakini ni ya kumwongoza mwokoaji aliyekwisha karibia. Tafuta namba 406 kwenye kifaa. Ikikosekana, mrudishie mwenyewe.

Mtego wa pili ni tarehe ya betri. Imeandikwa ubavuni. Betri inakaa miaka mitano hadi kumi kufuatana na kiwanda, na hazibadilishwi kwa fundi wa simu wa sokoni. Mfuniko ukifunguliwa vibaya, maji yanaingia. Kile kifungo cha maji nacho kwa kawaida kinabadilishwa kila miaka miwili. Ukinunua mtumba ambao betri yake imebakiza mwaka mmoja, umenunua mwaka mmoja.

Mtego wa tatu ni jina la nchi. Kila balizi ina ndani yake namba ya nchi. Ya Kongo yetu ni 676, Tanzania ina 674 na 677, Burundi 609, Zambia 678. Balizi iliyotoka Ulaya ikiwa bado na namba ya kule, ikiwaka hapa Kalemie habari itakwenda pia kule, na watampigia simu mwenyeji wa zamani, ambaye atawaambia kwa kweli kabisa kwamba yeye yuko nyumbani anakunywa kahawa. Muulize muuzaji abadilishe namba kabla hajakutumia.

Mtego wa nne, ambao ni mkubwa kuliko yote, ni kutokuiandikisha. Ubavuni kuna namba ya herufi na tarakimu 15. Namba hiyo inaandikishwa pamoja na jina la boti, rangi yake, idadi ya watu inaobeba, na simu za watu wawili au watatu walio nchi kavu. Kama nchi haina daftari lake, mfumo wenyewe wa Cospas-Sarsat una daftari la kimataifa kwenye intaneti, na kuandikisha ni bure. Duniani ishara nyingi zinazopokelewa ni za makosa: mtoto amebonyeza, mtu ametupa balizi jalalani. Kwa hiyo mwokoaji anaanza kwa kupiga simu. Akijibiwa, "Ndiyo, boti hiyo imetoka Kalemie saa nane, ina watu 60, ilikuwa inaelekea Moba," ameokoa saa nzima. Akikuta namba isiyo na mwenyewe, anabaki na shaka.

Na tuwe wakweli: simu hiyo ina faida gani kama hakuna aliyeandika majina ya abiria? Daftari la abiria halihitaji satelaiti. Linahitaji kalamu, na karani asiyekubali kupewa kitu ili aandike 40 wakati wamepanda 90.

Nani atasikia, nani atatoka?

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo wauzaji wa vifaa hawaitaji.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova, ikapinduka katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Watu walikuwa nchi kavu wanaitazama. Wengine waliipiga picha kwa simu. Kila mtu alijua iko wapi, hata bila satelaiti, na bado makumi ya watu walikufa. Mahali palijulikana. Kilichokosekana ni majile miilini mwa abiria na boti ya uokoaji iliyo tayari, yenye mafuta na watu waliofundishwa.

Ndiyo maana ninasema balizi ni nusu ya kazi. Ishara kutoka katikati ya ziwa letu inaweza kufika ofisini kwa dakika chache. Lakini kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Ofisi ya huko ikipata habari saa tatu ya usiku, itampigia nani Kalemie? Komiseri wa ziwa? Jeshi la majini? Na huyo atakayepigiwa, ana boti gani, ana lita ngapi za esansi usiku huo? Tangu MONUSCO ilipofunga ofisi zake jimboni mwaka wa 2022, hatuna tena hata mgeni wa kumtazama mkononi kwa jambo kama hili. Limebaki letu.

Kuna somo jingine kutoka kwa jirani, nalo linatia moyo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Tanzania. Ilikuwa na watu 43; 24 wakapona. Wa kwanza kufika hawakuwa zimamoto wala polisi. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, akajulikana nchi nzima. Kila usiku usio na mwezi mkubwa, mbele ya Kalemie tunaona taa za wavuvi wa ndakala kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Hao ndio jeshi letu la uokoaji, nao wameshafika huko tayari. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia, "Kuna boti imepinduka, kilomita sita kusini yenu, nendeni."

Ndiyo maana, pamoja na balizi, ninaomba redio za VHF, zile za mabaharia, zenye chaneli 16 ambayo dunia nzima inaitumia kwa dharura. Redio ya mkono, kutoka boti hadi boti, inasikika kilomita chache tu, kwa sababu inakwenda kwa mstari ulionyooka. Lakini Mungu ametupa milima. Antena ikiwekwa juu ya vilima vya Kalemie, na nyingine juu kule Kirungu inayotazama bandari ya Moba, sehemu kubwa ya njia itasikika. Kiongozi wa kila kundi la wavuvi akiwa na redio moja, ishara iliyotoka mbinguni itapata masikio majini. Nao watahitaji kuhakikishiwa kwamba esansi watakayochoma italipwa, na kwamba hawatashutumiwa kuwa wezi wa mota watakapoikaribia boti usiku.

Wanaosema "jile kwanza"

Najua nitakavyojibiwa. Watasema: watu hawana jile, wewe unaongea satelaiti. Ni hoja nzuri, na ninaikubali nusu. Baada ya ajali ya Ziwa Kivu mwezi wa Aprili 2019, Rais Tshisekedi mwenyewe aliagiza kwamba kila abiria avae jile. Agizo hilo ni la lazima, na boti isiyo na majile isitoke, iwe ina balizi ama haina. Mwenye pesa ya kimoja tu, anunue majile.

Lakini jile na balizi si wapinzani. Jile linakupa masaa. Balizi inayatumia masaa hayo. Mtu mwenye jile ambaye hakuna anayejua alipo, ataelea hadi nguvu zimwishie.

Wengine watasema ni ghali. Tuhesabu pamoja. Huko Ulaya na Marekani, PLB inauzwa kati ya dola 300 na 400 hivi. EPIRB ya kujifungua yenyewe inaweza kukaribia dola 1,000. Tuseme, pamoja na usafiri, forodha na kubadilisha kile kifungo, mwenye boti atumie dola 1,200 kwa miaka mitano. Boti yake ikibeba watu 60, safari mbili kwa juma, majuma 50 kwa mwaka, ni abiria 6,000 kwa mwaka, 30,000 kwa miaka mitano. Ni senti nne za dola kwa kila abiria. Mota mpya ya nguvu za farasi 40 inagharimu dola elfu kadhaa, na hakuna mwenye boti aliyesema itolewe kwa sababu ni ghali. Mota inaleta pesa. Balizi inaleta watu. Hapo ndipo tofauti ilipo, na hapo ndipo sheria inapaswa kuingia.

Ninachoomba

Kwa wenye boti: nunueni 406 yenye GPS, iandikisheni, ifungeni nje, wafundisheni vijana wenu. Kabla ya kuagiza redio au chombo chochote cha satelaiti, ulizeni ruhusa kwa ARPTC na mbaki na karatasi yake ndani ya boti. Eneo letu lina usalama mdogo, na kifaa kisicho na karatasi kinaweza kukaa ofisini kwa mtu badala ya kukaa majini.

Kwa serikali ya jimbo na wabunge wetu: ondoeni au punguzeni kodi kwa majile na balizi, ambavyo si bidhaa za anasa. Wekeni chumba kimoja bandarini, chenye mtu usiku na mchana, simu moja inayojulikana, redio moja, boti moja yenye akiba ya mafuta isiyoguswa kwa safari za wakubwa. Peni Kinshasa namba ya chumba hicho, ili ishara ikishuka isitafute mwenyewe. Kisha muongee na Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Nchi nne zilitia sahihi mkataba wa ziwa hili mwaka wa 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Wanakutana kuongea samaki na mazingira, ni vema. Waongee pia abiria. Upepo wa kusi hauulizi mtu pasipoti. Mtu aliyepinduka upande wetu anaweza kuokotwa upande wa Tanzania.

Kwa abiria, wamama mnaopeleka bidhaa Moba na Fizi, wanafunzi, wafanyakazi: kabla ya kulipa, ulizeni maswali matatu. Jile langu liko wapi? Jina langu limeandikwa wapi? Tukipata shida usiku, nani atajua? Kapiteni akicheka swali la tatu, muulizeni tena. Wakiuliza kumi kila siku, mwenye boti atachoka kucheka, ataenda kununua.

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Mwezi wa Mei upepo unaanza kubadilika, na wenye kusafiri hawatasimama, kwa sababu njia ya barabara tunaijua ilivyo. Boti zitatoka. Moja siku fulani itakawia. Nataka siku hiyo nikifika bandarini na kinasa sauti changu, niulize "Ilikuwa wapi?", na mtu wa zamu anionyeshe namba kwenye karatasi, aniambie: "Iko hapa. Wavuvi wameshaifikia."